Kabla hujakopa pesa za likizo, ingia jikoni na watoto



Shule zimefungwa. Kwangu nyumbani nimejua bila kuangalia kalenda, kwa sababu Mama Mchungaji ameanza kuficha sukari, na mkate wa asubuhi haufiki saa nne. Tuko na watoto nyumbani mpaka Januari. Wengine mmefurahi, wengine mnahesabu siku. Mungu anawajua wote.

Leo nataka kusema jambo ambalo si kila mtu atalipenda. Wengi wetu tunawanunulia watoto furaha ya Desemba kwa pesa ambazo hatuna, na huku jikoni kwetu kuna furaha ambayo tunawafukuza wasiiguse. "Toka hapa, utachomeka! Toka hapa, unanichafulia!" Halafu Jumamosi tunapanda matatu kwenda kulipia wafurahishwe na watu wengine.

Januari iliyopita mama mmoja alikuja kuniona akilia. Amenikubalia nieleze habari yake bila jina. Desemba alikuwa amechukua mkopo wa simu, shilingi 8,000, awapeleke watoto wake watatu matembezi. Waliruka kwenye yale majumba ya hewa, wakapakwa rangi usoni, wakapanda farasi, wakala kuku na chipsi, wakanywa soda. Picha zilipendeza sana. Mimi mwenyewe niliziona WhatsApp nikaandika "Mungu ni mwema." Sikujua Mungu anasingiziwa. Kufikia Januari alikuwa amekopa kwingine alipe ule wa kwanza, jumbe za vitisho zikaanza kuingia, na mtoto wake mkubwa akakaa nyumbani wiki mbili wenzake wakiwa darasani.

Nilimuuliza, kati ya mambo yote ya likizo ile, watoto wanazungumzia nini? Alifikiri kidogo. Akasema ni ile jioni stima ilipotea, wakatoa jiko nje ya mlango, wakachoma mahindi wakipeana zamu ya kupepea. Mahindi manne.

Usimhukumu. Mimi ninayeandika nilikuwa na deni langu, ila halikuwa la pesa.

Kuna mwaka ambapo Desemba nzima nilikuwa barabarani. Semina hapa, mkutano wa injili kule, harusi tatu, matanga, kesha. Nilikuwa nikirudi usiku na mfuko wa chipsi na kuku mkononi, na watoto walikuwa wanaukimbilia mlango nikifika. Niliwaambia wachungaji wenzangu kwamba wanangu wananipenda sana. Usiku mmoja nilipata pale ninaponunua pamefungwa, nikaingia nyumbani mikono mitupu. Kitinda mimba wangu alikuja mbio, akaniangalia mkono huu, akaniangalia mkono huu mwingine, akageuka akarudi kwa runinga. Hakukasirika wala hakulia. Alirudi tu kuketi.

Mpendwa, nimekemewa na maaskofu, sijawahi kukemewa namna hiyo.

Fungua Biblia yako 2 Wafalme sura ya 4, mistari 7 ya kwanza. Unaijua hadithi, umeihubiriwa mara nyingi, mara nyingi kuhusu sadaka. Leo isome kama mzazi. Mume amekufa na ameacha deni. Mwenye deni anataka kuwachukua wale vijana wawili wawe watumwa. Kumbe hata siku zile deni la wazazi lilikuwa linaishia mgongoni kwa watoto! Elisha anamuuliza mama yule ana nini nyumbani. Ana mafuta kidogo ndani ya chupa. Mtumishi wa Mungu anamwambia akaombe vyombo vitupu kwa majirani, vingi, kisha aingie ndani, yeye na wanawe, afunge mlango.

Yeye na wanawe. Hapo ndipo mimi nilipita miaka mingi bila kuona. Elisha angeweza kusema, watoto waende wakacheze, hili ni jambo la watu wazima. Hakusema. Vijana ndio waliokuwa wakileta vyombo, mama akimimina. Mmoja wao ndiye aliyemjibu kwamba vyombo vimekwisha. Muujiza wa nyumba ile uliwakuta mikono yao ikiwa na mafuta. Hebu fikiria walivyosimulia wakiwa wazee! Na uone tena: mama yule alikopa masufuria, hakukopa mafuta. Kukopa sufuria kwa jirani hakujawahi kumletea mtu vitisho kwa simu.

(Kuhusu kufunga mlango, naomba unisikie vizuri. Kama unapikia makaa ndani ya chumba kimoja, fungua mlango, fungua na dirisha, na usilale na jiko likiwaka ndani. Ile hewa ya makaa haina harufu wala rangi, na inaua. Mungu ametupa imani na ametupa madirisha.)

Baada ya ule usiku wa mikono mitupu niliwapeleka watoto ushago kwa mama yangu, Ukambani, na safari hii nilikaa nao. Siku tatu za kwanza zilikuwa vita. Hakuna chipsi. Kulikuwa na muthokoi. Kama hujui muthokoi, ni mahindi makavu yanatiwa maji kidogo, yanatwangwa kwenye kinu mpaka ganda linatoka, yanapepetwa, halafu yanachemshwa na maharagwe saa nyingi. Mama hakuwabembeleza wale. Aliwapa mchi. "Anayetaka kula atwange." Walitwanga kwa zamu wakihesabu, wakacheka, wakamwaga nusu chini, kuku wakafaidi. Jioni kijana wangu aliyekuwa hataki hata kuonja alikula sahani mbili, na alikuwa anawaonyesha wenzake: hii punje niliitwanga mimi.

Mchana walikuwa juu ya mwembe. Desemba Ukambani ukikosa embe ni uvivu wako. Walikamua maembe kwa mikono, juisi ikawafika mpaka kwenye viwiko, wakachuja kwa kitambaa, wakaiweka kwenye mtungi ipoe. Hawakuomba soda hata mara moja. Na soda, kwa vile tumeitaja, ile ya nusu lita huwa na sukari ya gramu 50 hivi, karibu vijiko 12 vya chai. Hakuna mama ningemwona akimtilia mtoto vijiko 12 kwenye kikombe nisimuite pembeni. Sisemi usinunue kamwe. Krismasi ni Krismasi. Nasema isiwe ndiyo maji ya nyumba.

Sasa utaniambia, "Mchungaji, mimi sina ushago wa kwenda, nauli ya Desemba unaijua." Naijua. Sisi wa Eastlands mpango wetu ni mdogo na unatosha. Nunua pakiti moja ya unga wa ngano, ile ya kilo 2. Hiyo ni chapati 20 hivi ukizisukuma saizi ya kawaida. Nunua ndengu, nyanya, vitunguu, dhania. Halafu gawa kazi. Wa miaka minne anachambua ndengu kwenye sinia na kutoa mawe. Wa saba anaosha dhania na kumenya vitunguu, atalia, mwache alie, ni kilio kizuri. Wa kumi anakanda unga kwa maji ya uvuguvugu mpaka usishike mkono, anaufunika nusu saa ulale. Katika ile nusu saa ndipo utasikia mambo ambayo mwaka mzima hukuyasikia: nani anamnyanyasa shuleni, mwalimu gani anamwogopa, anataka kuwa nani. Mtoto akiulizwa "shule iko aje?" macho kwa macho, husema "poa" akanyamaza. Mikono yake ikiwa ndani ya unga, ulimi hufunguka. Sijui kwa nini. Nimeona hivyo kwa wangu na kwa wa watu wengi.

Kwenye kikaangio simama wewe mpaka wafike umri, na mshikio wa sufuria ugeuzwe ndani mbali na wadogo. Chapati ya kwanza itatoka kama ramani ya Kenya. Ile ndiyo ya kupigania. Kwetu aliyeisukuma ndiye anayeila, na huwa anaila kwa heshima kuliko ile ya mviringo.

Na mbona tunashangaa? Watoto hawa wametuomba nafasi hiyo tangu wakiwa na miaka mitatu. Kalongolongo ni nini? Wanatafuta mkebe, wanakanda udongo, wanakata majani wanasema ni sukuma, mmoja ni mama, mmoja ni baba anatoka kazini. Wanacheza jikoni nje ya jikoni tulimowafukuza.

Baba, usiruke aya hii. Najua kuna ndugu anasema, mwanaume hapiki, na mama yangu angeniona angelia. Soma Yohana 21. Wanaume saba walikuwa ziwani usiku kucha hawakupata kitu. Kulipokucha wanamkuta Bwana aliyefufuka ameshawasha moto wa makaa ufuoni, samaki juu yake, na mkate. Amewapikia. Yule aliyeshinda mauti alikuwa anapepea moto asubuhi kwa ajili ya watu wenye njaa. Na ni baada ya kula, si kabla, ndipo akamuuliza Petro yale maswali mazito kuhusu upendo. Baba ambaye kijana wake amegeuka mgumu, humjui tena, jaribu kwanza kumpikia mayai kabla ya kumwita kikao.

Tena wafundishe vijana wa kiume pamoja na wasichana. Nimefungisha ndoa za vijana waliookoka vizuri kabisa, wanajua kuomba masaa, na hawajui kuchemsha maharagwe. Mke akijifungua, wanakula mkate siku 40.

Kwa dada walio na msaidizi wa nyumbani: yule dada naye ana Desemba. Mpe siku aende kwao, na mtoto wako ajue sahani huoshwa na nani asipokuwepo.

Kuna jambo la mwisho, na hili linanihusu mimi na wazee wa kanisa. Tumekuwa tukiijaza likizo. Kambi ya watoto, mazoezi ya kwaya ya watoto, ibada za katikati ya wiki, kesha la Ijumaa, na Jumamosi usafi. Tunawaambia wazazi walee watoto katika Bwana, halafu hatuwaachii jioni moja ya kuwalea. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 haikumpa mchungaji kazi ya kuwafundisha watoto Neno. Ilimpa mzazi, na ikataja mahali: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Nimewaambia wazee kwamba Desemba hii Jumamosi zote mbili za katikati ya mwezi hakutakuwa na shughuli yoyote kanisani. Mlango utafungwa. Mzee mmoja ameniuliza kama sioni watu watapoa kiroho. Nimemwambia, kama wokovu wetu unapoa kwa sababu ya kusukuma chapati na watoto, ulikuwa umeshapoa zamani.

Najua kuna msomaji ambaye nyumba yake mwaka huu ina kiti kitupu. Umefiwa, au mwenzako ameondoka, na hata harufu ya vitunguu vikikaangwa inakukumbusha. Sikuombi ujifanye. Pika kidogo, uji tu ukitaka, lakini usipike peke yako. Mwite mtoto asimame karibu nawe akoroge. Kama huna mtoto, wa jirani wako wengi na wako tayari. Na sisi wengine, tusingoje aombe. Sufuria yako ikiwa kubwa, mwalike.

Karo ya Januari iweke kando leo, kabla ya kununua hata pilipili. Kama mkopo umeshachukua, usijifiche, njoo tuongee Jumatano saa kumi na moja jioni, niko ofisini, na sitakutangaza madhabahuni.

Jumamosi ya kwanza isiyo na ibada, kwangu tumepanga chapati na ndengu. Kitinda mimba ndiye mpishi mkuu, ana miaka tisa sasa. Amenipa vitunguu. Nimejaribu kuomba kazi nyingine, amekataa, amesema baba amezoea kulia kwa maombi.

Andika hapa chini wewe na watoto mtapika nini, wengine wapate mawazo.

Mchungaji wenu.