Boti ya mbao ikisimama miezi mitatu, ilale wapi?

Leo naongea na wenzangu wa dagaa na migebuka, hasa wale mlioanza kuingia kwenye boti. Najua tupo wengi. Mtu anauza dagaa wa Kigoma kwenye WhatsApp mwaka mmoja, miwili, anapiga hesabu anaona faida nono inabaki kule mwaloni. Basi anachanga na ndugu yake wananunua boti ya mbao nusu kwa nusu, mmoja anavua, mwingine anauza. Mi mwenyewe nipo hivyo. Fremu yangu iko hapa Cheyo, Tabora. Boti iko Kigoma kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba.

Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wengi walihangaikia mzigo: tutauza nini? Sawa, hilo ni swali. Ila kulikuwa na swali lingine ambalo wauzaji wa mtandaoni hatulifikirii kwa sababu hatukai ziwani. Boti isipofanya kazi siku 90, inalala wapi? Inabaki imefungwa majini au inavutwa nchi kavu?

Mimi na binamu tulibishana wiki mbili nzima kwa simu, bando lilienda. Yeye alitaka ibaki majini na kijana wa kuilinda. Mimi nilitaka ipande juu. Sio kwamba nilikuwa najifanya mvuvi. Nusu yangu kwenye ile boti ndo mtaji wangu wote ukitoa mzigo wa dukani, na humo humo kuna ada ya mdogo wangu wa kidato cha tatu. Boti ikioza, haiozi ya binamu peke yake.

Msimamo wangu ni huu: boti ya mbao ikisimama zaidi ya mwezi, ivutwe nchi kavu. Ila kuivuta na kuiacha juani ni bora ungeiacha majini. Hapo kwenye "ila" ndo pana maneno.

Kwanza tuelewane, siongelei mbalamwezi. Wanaovua dagaa kwa taa wanajua mwezi ukiwa mkubwa samaki hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi boti zinapumzika siku kadhaa. Kwa siku hizo kuvuta boti juu ni kujichosha tu. Mbao haijapata hata muda wa kukauka, na watu umewalipa. Iache majini, ifunge vizuri, iangaliwe.

Miezi mitatu ni habari nyingine. Hebu angalia kipindi chenyewe, Mei hadi Agosti. Ni kiangazi, na ndo wakati upepo wa kusini unavuma sana kwenye ziwa. Kipindi boti ina wenyewe, upepo ukizidi kuna mtu wa kulegeza kamba, kusogeza, kuchota maji. Kipindi cha kufungwa wavuvi wameenda shamba au wamerudi kwao. Boti 20 zimefungwa pamoja, zinagongana usiku kucha, na ya kwako imo. Kamba inasuguka kwenye mbao hadi inakula. Na boti ya mbao hata iwe nzima inaingiza maji kidogo kidogo, bila mtu wa kuchota kila siku inajaa na kukaa chini. Ndani ya maji hayo yaliyotulia, juu pana joto, chini pana unyevu, na mbao huanzia kuoza pale pale. Haiozi kwa ndani ya maji kabisa wala juu pakavu, inaoza pale maji na hewa vinapokutana.

Watu wa pwani wana bahati moja na mkosi mmoja. Bahati ni kwamba bahari inakupwa. Unasogeza chombo maji yakiwa mengi, maji yakitoka chombo kimekaa chenyewe mchangani, wanakwangua, wanakalafati, wanapaka deheni, yale mafuta yanayochanganywa na chokaa, maji yakirudi wanaondoka. Mkosi wao ni wale wadudu wa maji chumvi wanaotoboa mbao. Sisi wa ziwani wadudu hao hatuna. Lakini na kupwa hatuna. Ziwa halitakuletea boti mchangani, lazima uivute kwa magogo na migongo ya watu. Na hiyo ni hela.

Sasa hela yenyewe. Nawawekea hesabu yetu, boti ya futi 28, kila mtu aone mwenyewe. Kuvuta juu, vijana 16 kwa elfu tano tano, 80,000. Kushusha tena, 80,000. Maturubai mawili, 90,000. Mlinzi mmoja kwa 60,000 kwa mwezi, miezi mitatu 180,000. Jumla 430,000. Kuacha majini: huwezi kuweka mlinzi mmoja, maana kuna kulinda usiku na kuna kuchota maji na kurekebisha kamba mchana. Wawili kwa miezi mitatu ni 360,000, na kamba mpya 45,000. Jumla 405,000. Tofauti ni 25,000! Wiki mbili za kubishana kwa ajili ya hela ya kiroba kisichojaa.

Wanaosema majini ni bure huwa hawaweki mlinzi. Ukikuta boti imelala majini bure ujue kuna mtu anabahatisha.

Ila binamu alikuwa na hoja nyingine, na hii niliikubali siku hiyo hiyo. Alisema, "Dada, hiyo hela ya kuvuta unampa nani? Wale vijana wetu wa boti miezi mitatu hawana kitu." Kweli kabisa. Kufungwa kwa ziwa kwangu mimi ni biashara kupungua, nina sabuni na mchele vya kuuza. Kwa kijana anayelipwa kwa mgao wa samaki ni sufuria kukaa tupu. Basi tukakubaliana asikodiwe mtu wa nje. Waliovuta, aliyelinda, waliokalafati, wote wanatoka kwetu, na kama hawatoshi wanaleta ndugu zao. Hela ni ile ile, ila iliingia kwenye nyumba ambazo Agosti tungezihitaji tena. Mwenye boti anayelipa watu baki halafu Agosti anashangaa wavuvi wake wamehamia boti nyingine, mi namwonea huruma tu.

Sasa turudi kwenye "ila". Nchi kavu ina adui watatu.

Jua ndo mkubwa. Mbao iliyozoea maji imevimba, na kuvimba huko ndo kunabana maungio. Ukiiweka kwenye jua la Julai na upepo juu, inanywea. Maungio yanafunguka, unapitisha kisu. Mbao nyingine inapasuka kabisa, na ufa haurudi hata ukiloweka mwezi. Mbao zinatofautiana hapa. Mninga unasifika kwa kutonywea sana, ndo maana mafundi wanaupenda, na sisi watu wa Tabora tunaujua kuliko kuambiwa. Mbao laini za bei rahisi zinachezacheza. Mtumbwi wa gogo moja ndo usiseme, huo jua linaupasua kama kuni, na wazee wengi wanauzamisha kwenye maji mafupi makusudi ukiwa haufanyi kazi. Hapo niko nao mia kwa mia, mtumbwi wa gogo usiuvute juani.

Dawa ya jua ni kivuli na maji. Kivuli cha mti au turubai, lakini turubai lisigusane na boti, liinuliwe hewa ipite, vinginevyo unaipika. Na kila jioni mlinzi anamwaga ndoo kadhaa za maji ndani na kuweka magunia yaliyolowa kwenye maungio. Hiyo ni kazi, iandikeni kwenye makubaliano ya mlinzi toka siku ya kwanza, asije kuwambia alidhani analinda wezi tu.

Adui wa pili ni mchwa. Watu wa pwani na wa nje huwa wanacheka, ila mtu wa kwetu hawezi kucheka. Ukilaza mbao ardhini huku magharibi, miezi mitatu inamtosha mchwa kuingia kwa chini wewe unaangalia juu. Boti ikae juu ya mawe au matofali, sio juu ya magogo yaliyochimbiwa, maana gogo lenyewe ndo daraja lake. Kila wiki mtu apitishe mkono chini, akiona njia ya udongo aibomoe.

Wa tatu ni namna ya kuilaza. Majini boti inabebwa kila sehemu. Juu ya mawe mawili, moja mbele moja nyuma, tumbo linaning'inia, taratibu mkuku unapinda. Weka mawe mengi chini ya mkuku, na vigingi pembeni kwenye usawa wa mataruma, zile mbavu, sio kwenye ubao mtupu katikati. Na ivuteni mbali kidogo na maji. Miaka hii ziwa limekuwa likijaa na kula ufukwe, 2024 hiyo hiyo maji yaliingia mitaa ya kule Burundi, kwa hiyo alama ya maji ya zamani usiiamini.

Sasa sikia faida ambayo kwangu inazidi zote. Ikiwa juu unaiona tumbo. Sisi wa duka tunafunga duka siku moja kuhesabu mzigo, kwa sababu daftari linaweza kusema lolote. Boti yetu ukiiangalia majini ilikuwa nzuri, rangi ya bluu imekaa. Tulipoivuta, ubao mmoja karibu na mkuku fundi aliuchoma kwa bisibisi ikazama kama kwenye papai. Misumari yake imeliwa na kutu hadi imekuwa sindano. Kubadilisha ubao ule, pamba, mafuta na misumari vilitugharimu 110,000. Ule ubao ungeachia usiku wa Septemba, watu sita wako mbali na taa zinawaka, hesabu yake siwezi kuiandika hapa.

Kuna hoja nyingine niliyotumiwa na watu zaidi ya mmoja, ya Liemba. Wanasema, mbona Liemba ilizama na ikaja kufanya kazi? Historia yenyewe ni kweli na ni tamu, hasa kwa sisi wa reli ya kati. Meli ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, halafu ikasafiri kwa reli mpaka Kigoma, maana yake ilipita hapa Tabora ikiwa vipande. Ikashushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe adui asiichukue. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Lakini anayesimulia huwa anaruka sehemu moja: kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini grisi nzito. Na ile ni chuma, kwenye maji yasiyo na chumvi. Haikuachwa tu imefungwa kwenye nguzo ikijipiga na wenzake, iliwekwa kwa akili na watu waliotarajia kurudi. Ukitaka kuitumia Liemba kama mfano, anza na grisi.

Kwa hiyo injini, iwe boti iko juu au majini, isilale kwenye boti. Hapa sibishani na mtu. Toa petroli yote mpaka ya kwenye kabureta, maana ikikaa miezi inageuka gundi. Paka grisi, iweke imesimama ndani ya nyumba, na namba yake waandike wenye boti wote wawili, picha ibaki kwenye simu zote mbili. Ya kwetu inalala kwa mjomba, sio kwa binamu wala kwangu. Hatujagombana, na ndo maana hatutagombana.

Wenye faiba, hizi boti za kisasa ambazo vikundi vimekuwa vikikopeshwa, nyie msisumbuke na haya yote. Faiba hainywei na mchwa haili. Vuteni juu, ilazeni sawa, toeni kizibo cha chini maji yasituame, funikeni. Faiba ikiachwa majini muda mrefu inaweza kutoa malengelenge.

Siku ya kushusha ya mbao msiwe na haraka. Yetu tuliishusha siku nne kabla ya ziwa kufunguliwa, kwenye maji ya magotini, bila injini, bila nyavu. Siku ya kwanza ilivuja kama kapu, binamu akanitumia video bila kuandika neno. Siku ya pili ikapungua. Siku ya tatu mbao zilikuwa zimevimba, imefunga. Anayeshusha asubuhi na kupakia jioni ndo anayekuja kusema nchi kavu imemharibia boti.

Na wale mnaotafuta boti ya kununua, nendeni kipindi hicho cha kufungwa. Bei inashuka, wenye shida ya hela wanauza, na boti ziko juu unaziona tumbo. Maungio yaliyofunguka yasikutishe, hayo maji yatayafunga. Tishika na rangi mbichi chini ya boti wakati juu rangi ni ya zamani. Nenda na bisibisi yako, na fundi asiwe wa muuzaji. Akikwambia boti iko majini, njoo uione hivyo hivyo, mwambie aivute kwanza, hela ya kuvuta utamrudishia mkikubaliana.