Nyuki Si Kipofu wa Rangi

Makala iliyochapishwa juzi inadai kwamba nyuki hufuata harufu pekee, na kwamba rangi za maua ni pambo la macho ya binadamu. Harufu sawa: nyuki huinusa kwa vipapasio vyake na kuikumbuka. Lakini hilo "pekee" limetoka wapi?

Eti ushahidi ni kwamba nyuki hupita maua mekundu bila kuyajali. Ni kweli nyekundu haioni vizuri. Ndiyo awe kipofu wa rangi zote? Dai hilo lilivunjwa mwaka 1914. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch aliwazoesha nyuki kunywa maji ya sukari juu ya kadi ya buluu iliyozungukwa na kadi za kijivu. Kisha akaweka vyombo vitupu. Nyuki wakarudi kwenye buluu ileile. Sukari haikuwepo, walinusa nini, buluu?

Tena nyuki huona mwanga wa urujuanimno, tusiouona sisi. Chukua alizeti. Kwetu petali zake ni njano tupu. Kwa nyuki, ncha za petali zinang'aa urujuanimno na sehemu zake za ndani, karibu na kitovu cha ua, ni nyeusi: duara jeusi linalozunguka penye chakula. Pambo gani la binadamu ambalo binadamu halioni?

Mwandishi aende shambani asubuhi, asimame mbele ya alizeti moja, atazame nyuki anatua wapi.