Damu ya Pwani yainufaisha sayansi, vijana wa Likoni na Kisauni wangali mlangoni

MWAKA 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyekulia nchini Kenya, alizunguka nchi hii akichukua sampuli za damu za jamii mbalimbali. Alipozilinganisha aliona jambo la ajabu: chembe za damu zinazojikunja mfano wa mundu zilipatikana kwa wingi miongoni mwa wakazi wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zilikuwa nadra. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu.

Tangu hapo damu ya Mpwani haijapumzika. Mwaka 2005, watafiti wa kituo cha Kilifi kinachoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) pamoja na wakfu wa Wellcome wa Uingereza walionyesha kuwa kinga hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kituo hicho hicho kilikuwa mojawapo ya vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wenye selimundu. Matokeo yake, yaliyotangazwa Desemba 2018, yalithibitisha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na hata vifo.

Sasa sayansi imepiga hatua nyingine. Novemba 2023, Uingereza iliidhinisha tiba ya Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Katika tiba hiyo, seli shina zinazotengeneza damu hutolewa mwilini mwa mgonjwa, jeni zake hurekebishwa katika maabara, uboho wake husafishwa kwa dawa kali, kisha seli zilizorekebishwa hurudishwa ili zizae damu mpya. Huu ndio moyo wa tiba ya kuhuisha viungo: badala ya kutuliza maradhi, mwili husaidiwa kujijenga upya.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya Sh280 milioni. Hakuna familia ya Mtongwe, Mishomoroni au Chaani inayoweza hata kuifikiria. Lakini bei si kizuizi pekee. Hata kama tiba hiyo ingetolewa bure kesho, swali lingebaki: je, ni nani hapa Pwani angeweza kuzihifadhi seli hizo, kuiendesha mitambo yake na kumfuatilia mgonjwa kwa miaka?

Swali hilo linawahusu moja kwa moja vijana wa upande wa bara wa Mombasa. Ngazi ya mafunzo ipo, ila vipago vyake vimeachana.

Kipago cha kwanza kiko karibu. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kina bewa Port Reitz, Changamwe, na kijana wa Likoni akivuka feri hufika Tudor, kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM). Chuo hiki kilichotokana na taasisi ya zamani ya elimu ya Waislamu, MIOME, na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimekuwa kikiwafunza mafundi na wahandisi wa vifaa vya tiba.

Kipago cha pili kiko mbali. Anayetaka shahada ya uhandisi wa tiba huenda akafikiria Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Kenyatta huifundisha, au Kampala, ambako Makerere ilianzisha shahada hiyo mwaka 2011. Ni Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichohusika katika mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2017 na 2019, ambapo wanafunzi wa Afrika na Ulaya walibuni vifaa vya tiba kwa pamoja. Mradi huo uliitwa kwa neno la Kiswahili, UBORA, lakini darasa lake la kwanza, Desemba 2017, lilifanyika Nairobi wala si katika mwambao wa Kiswahili.

Kipago cha tatu, cha utafiti wenyewe, kiko takriban kilomita 60 tu kaskazini mwa Mombasa. Kituo cha Kilifi hutoa mafunzo ya vitendo, uzamili na uzamifu, na hushirikiana na Chuo Kikuu cha Pwani. Aidha, kina mpango wa kuwapokea vijana waliomaliza sekondari ili waonje kazi ya maabara. Hata hivyo, mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya waliosoma katika Kaunti ya Kilifi. Hilo ni haki, kwani wakazi wa huko ndio waliojitolea katika tafiti hizo. Lakini kijana wa Kisauni, anayetenganishwa na Kilifi na daraja la Mtwapa tu, hana mlango kama huo katika kaunti yake.

Wapo watakaouliza kwa haki: hospitali zikikosa glavu na pamba, ya nini kuzungumzia seli shina? Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba madogo na makubwa hapa yamo katika ngazi moja. Mtoto anayetumia haidroksiyurea huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, na mashine ya kuhesabu chembe za damu ikiharibika, dawa hiyo hugeuka kuwa ya kubahatisha. Fundi anayejua kuitengeneza mashine hiyo leo ndiye atakayeweza kufunzwa kesho kutunza jokofu la kuhifadhia seli.

Taifa limekwisha kulipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mkataba wa kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali 98 kwa takriban Sh38 bilioni. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilikuta baadhi ya mitambo ikiwa imelala, katika sehemu nyingine kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine zilinunuliwa kabla ya mikono ya kuziendesha kuandaliwa.

Majirani wametangulia. Tanzania ilianza kupandikiza uboho katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2021, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu mwaka 2023. Hilo halikuwezekana kwa majengo pekee. Madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara walitangulia kufunzwa.

Yapo mambo ambayo hayahitaji mabilioni. Kaunti ya Mombasa inaweza kutenga sehemu ya basari zake kwa wanafunzi wa uhandisi wa tiba na sayansi ya maabara, na kufanya makubaliano na Kilifi ya kuwapokea vijana wa Mombasa kila mwaka. Vyuo vinaweza kukubaliana kwamba mwenye stashahada ya Port Reitz au Tudor asianze upya anapotafuta shahada. Na nauli na chakula cha mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo visiachiwe mzazi anayeuza mahamri.

Serikali kuu nayo ina deni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliagiza asilimia 2 ya pato la taifa ielekezwe kwenye hazina ya utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Hatari ya kutegemea wafadhili ilidhihirika mwaka 2025, Marekani ilipokata kwa kiasi kikubwa misaada yake ya afya na utafiti katika nchi za nje.

Wakati nao haungoji. Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walimaliza Gredi ya 9 na kutakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu, mmojawapo ukiwa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto wa Likoni aliyeuchagua ana haki ya kujua unamfikisha wapi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa zaidi ya miaka 75 wageni wa sayansi wamekuja Pwani, wamepokewa na wamepewa damu, na maarifa waliyoyapata yameufaa ulimwengu. Sehemu ya pili ya methali hiyo haitatimia mpaka miongoni mwa wanaoishika darubini wawemo watoto wa wenyeji wenyewe.