Rangi Haipigi Besi

Mwulize muuzaji yeyote wa magitaa ya besi ya zamani wateja huanza na swali gani. Wachache huuliza mlio ukoje, au kama shingo imenyooka. Wengi huanza na neno moja: "Orijino?" Wanataka rangi ile ile ya kiwandani, skrubu zile zile, freti zile zile, hata risasi iliyochomelea waya iwe haijawahi kuguswa na mkono wa fundi. Jibu likiwa ndiyo, bei inapaa. Likiwa hapana, mteja anakunja uso kana kwamba ameonyeshwa mali ya wizi. Imani yenyewe ni kwamba besi ya mwaka 1962 au 1966 iliyofanyiwa matengenezo imeshaharibiwa, na ile isiyoguswa ndiyo bora hata kama haipigiki. Imani hiyo ni potofu. Inawaumiza wapiga besi, na inaviua vyombo vile vile inavyodai kuvilinda.

Tuanze na aliyevibuni. Leo Fender alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, na mpaka anakufa mwaka 1991 hakuwa mpiga gitaa. Alichokijua ni shida za watu waliokuja dukani kwake. Wapiga besi wa wakati huo walikuwa na lile besi kubwa la kusimama nalo, kama la vikundi vya taarabu: halienei ndani ya gari, halisikiki ngoma na tarumbeta zikipamba moto, na kupata noti sahihi ni kazi ya sikio peke yake. Mwaka 1951 akatoa Precision Bass, besi ya umeme yenye freti, yaani vipande vya chuma shingoni vinavyoipa kila noti mahali pake, na jina lake lilitokana na usahihi huo wa noti. Kiwiliwili kilikuwa ubao mnene usio na uwazi ndani. Shingo ilikazwa kwa skrubu nne. Waya na vitufe viliwekwa mahali ambapo mtu mwenye bisibisi anafika kwa dakika chache. Mafundi wa magitaa wa enzi zile walizoea kuunganisha shingo kwa gundi. Yeye alitumia skrubu ili shingo ikiharibika ifunguliwe na nyingine iwekwe, kazi irudi jukwaani jioni ile ile. Hiki ni chombo kilichobuniwa na fundi kwa ajili ya kufunguliwa. Anayesema kukifungua ni kukinajisi anabishana na aliyekiumba.

Sasa weka mezani Precision ya katikati ya miaka ya 1960 ambayo kweli haijaguswa. Ukiondoa kile kifuniko cha chuma juu ya daraja, unakuta sponji iliyowekwa kiwandani ili kuzima mvumo wa nyuzi. Imekuwa ugoro wa kahawia unaonata vidoleni. Fungua kibao cha plastiki, geuza kitufe cha sauti, na mgongoni utasoma namba kama 137-6612. Tarakimu 137 ni alama ya kampuni ya CTS iliyotengeneza kitufe hicho, 66 ni mwaka, 12 ni wiki. Ukikizungusha kinakwaruza, kwa sababu ndani yake pamelika na kujaa vumbi. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zimeanza kuota kutu. Waya wake una wembamba wa unywele na umezunguka maelfu ya mara. Kutu ikiukata mahali pamoja tu, besi nzima hunyamaza au hubaki kunong'ona. Halafu tazama freti tano za mwanzo, mahali ambapo mpiga besi hushinda. Chini ya uzi wa E na wa A kuna mabonde. Bonyeza hapo, noti inavuma kama nyuki ndani ya kopo.

Hiyo ndiyo orijino. Mwenye imani yake atakwambia urudishe kifuniko, ukaze skrubu, uiuze kwa bei ya juu. Mimi nasema badilisha freti. Freti ni soli ya kiatu: iliwekwa ili iishe. Zungushia pikapu waya mpya juu ya sumaku zile zile. Safisha kitufe, kikikataa weka kipya na cha zamani ukitunze. Fundi anayejua kazi yake anamaliza hayo yote bila kutoboa tundu jipya hata moja, na besi iliyokuwa bubu inarudi kufanya kazi ya watu.

Mabishano makali zaidi huwa juu ya rangi. Kanuni inayojulikana sokoni ni kwamba besi ya Fender ya miaka ile ikishapigwa rangi upya, hupoteza karibu nusu ya thamani yake. Nusu! Mbao ni zile zile, shingo ni ile ile, pikapu hazijaguswa, lakini nusu ya fedha imetoweka pamoja na utando wa vanishi. Wanaoitetea kanuni hii husema vanishi nyembamba ya nitroselulosi huuacha ubao upumue, na mlio unatoka humo. Lakini chini ya vanishi hiyo Fender yenyewe iliweka utando mwingine wa kuziba vinyweleo vya mbao. Na katika besi ya umeme kinachosafiri hadi kwenye spika ni mtetemo wa uzi wa chuma mbele ya sumaku. Nyuzi, pikapu, urefu wa shingo na vidole vya mpigaji vina neno kubwa katika mlio. Unene wa rangi mgongoni mwa ubao ni wa mwisho kabisa kwenye orodha, kama umo.

Hata hiyo rangi ya kiwandani, ni ipi hasa? Nyeupe ya mwaka 1964 leo ina rangi ya siagi, kwa sababu vanishi juu yake imegeuka manjano. Buluu ya Lake Placid imeelekea kijani. Wekundu kwenye magitaa mengi ya mwanzo wa miaka ya 1960 umefifia kwa kukaa dirishani mwa duka juani. Rangi zile maalumu zinazogombewa leo kwa fedha nyingi zilikuwa rangi za magari kutoka kampuni ya DuPont, na mteja aliongezewa asilimia 5 tu ya bei ili apate anayoitaka. Tena wafanyakazi wa Fullerton, wakipungukiwa na viwiliwili vitupu, walikuwa wakichukua kilichokwisha pigwa rangi ya kawaida na kupuliza nyingine juu yake. Yaani kiwanda chenyewe kilipiga rangi upya. Hiyo mnunuzi huilipia zaidi, lakini ile iliyopigwa na fundi makini wa mtaani mwaka 1975 anaiita maiti.

Madhara ya imani hii yanaonekana kwa macho. La kwanza ni udanganyifu. Pale ambapo rangi inabeba nusu ya bei, lazima atokee mtu wa kuichakachua: anapuliza rangi mpya, anaikwangua, anaipasua kwa baridi na joto ili ionekane ya miaka 60, kisha anaiuza kama ya kiwandani. Matengenezo ya kweli yanafichwa, kwa sababu kuyataja ni kujikata bei. Muuzaji mwaminifu aliyeandika "freti zimebadilishwa, kitufe kimoja si cha awali" anapata pungufu kuliko yule aliyenyamaza. Soko linalomwadhibu msema kweli limeoza.

La pili linanichoma zaidi. Besi huchinjwa. Mtu ananunua Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, nzima ya mwaka 1965, anaifungua, na kuuza vipande: pikapu huku, vitufe kule, vifuniko vya chuma kwa mwingine, hata skrubu kwenye vifuko. Vipande hivyo vinakwenda kuzitimiliza besi za wenye fedha ili nazo ziitwe orijino, na jumla ya vipande hulipa kuliko chombo kizima. Mara nyingi kinachochinjwa ni chombo kilichopigwa rangi upya, kwa kuwa soko limeshamwambia mwenye nacho kwamba hakina heshima. Besi iliyopiga harusi, kanisani na vilabuni kwa miongo mitano inaisha hivyo, kwa jina la kuhifadhi historia.

Historia gani? Besi zilizojenga muziki wenyewe zilifunguliwa, zikakatwa, zikapigwa rangi. James Jamerson, ambaye besi yake ndiyo uti wa mgongo wa nyimbo za Motown zilizorekodiwa Detroit, aliwahi kupiga Precision ya mwaka 1957 iliyokuwa imepigwa rangi nyeusi juu ya ile ya kiwandani. Jazz Bass ya Jaco Pastorius iling'olewa freti zote, mashimo yakajazwa, na ubao wa shingo ukapakwa epoksi ya kupakia mashua. Kwa kipimo cha orijino ni takataka. Kwa masikio ya yeyote aliyesikia albamu yake ya mwaka 1976, ni mojawapo ya besi muhimu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Baadaye ilivunjika vipande vipande, mafundi wakaiunganisha, naye akairudia. Marcus Miller amejenga jina lake juu ya Jazz ya mwaka 1977 ambayo fundi Roger Sadowsky aliifungua na kuitia saketi ya ziada ya kukuza mlio. John Entwistle wa The Who aliunga besi moja kutokana na mabaki ya tano, akaiita Frankenstein.

Na Paul McCartney? Ile besi ya Höfner yenye umbo la fidla aliyoinunua Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30 ilipelekwa kwa mafundi mwaka 1964, ikapigwa rangi upya na pikapu zake zikafungwa upya. Iliibwa London mwaka 1972, ikapatikana na kutangazwa Februari 2024. Haikufungiwa ndani ya kioo ili kutu yake isiguswe. Ilitengenezwa, na Desemba mwaka ule ule mwenyewe akaipiga jukwaani London. Nakumbusha haya kwa sababu wanaotukuza orijino hupenda kuyataja majina haya haya kama mashahidi wao.

Ipo pia ile hadithi kwamba baada ya kampuni ya CBS kuinunua Fender, Januari 1965, kwa dola milioni 13, kila kilichotoka Fullerton kilikuwa kibovu. Ubora uliyumba, hasa miaka ya 1970, na zipo besi za wakati huo zenye shingo isiyokaa vizuri na uzito wa kuvunja bega. Lakini kwa hadithi hiyo watu wanalipa mara kadhaa kwa ya 1964 bila kuijaribu, na kuipita ya 1972 iliyo nzuri. Geddy Lee wa Rush hakuipita. Aliinunua ya mwaka huo kwenye duka la rehani kule Kalamazoo, Michigan, kwa dola 200, akarekodi nayo na kuzunguka nayo dunia. Besi hupimwa moja moja, mkononi.

Simtetei kila mwenye msasa. Miaka ya 1970 ilipoingia mtindo wa mbao tupu, rangi nzuri kabisa zilikwanguliwa bila sababu, na watu walichimba mbao kwa patasi ili kuingiza pikapu za mtindo. Huo ulikuwa uharibifu. Besi yenye rangi yake ya awali iliyo nzima iachwe na rangi yake, na fundi anayeipaka plastiki nene ya kung'aa ili ionekane mpya anastahili kunyang'anywa bomba la rangi. Swali langu kwa kila kazi ni moja: inakisaidia chombo kupigika, au inampendeza mtu machoni tu? Kubadilisha freti kunakisaidia. Kukwangua rangi iliyo nzima hakukisaidii. Na kukataa kubadilisha freti zilizokwisha ili tangazo lisomeke vizuri ni kosa la aina ile ile, la kuweka macho mbele ya masikio.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuikataa imani hii. Katika muziki wa dansi, mpiga besi kwa kawaida hakumiliki chombo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, au ya taasisi kama ilivyokuwa NUTA Jazz iliyoanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964. Spea zilitoka mbali na kwa bei. Besi ilidumu kwa sababu kulikuwa na fundi aliyeweza kuchomelea waya na kusawazisha shingo. Hakuna aliyemuuliza fundi huyo kama amepunguza thamani. Leo kijana anayetafuta chombo cha zamani mtandaoni anasoma maneno ya wakusanyaji wa Marekani na Japani, anaamini kwamba besi iliyopigwa rangi upya haimfai, kisha anakosa kilicho bora kuliko vyote kwa fedha yake: Precision ya miaka ya 1960 yenye rangi mpya, freti mpya, pikapu za awali, kwa nusu ya bei.

Kwa hiyo ukinunua, chomeka waya kwanza na upige kila noti kwenye kila uzi kabla hujaomba namba za kitufe. Tazama shingo kwa kuilenga kwa jicho moja kutoka kichwani. Uliza nani alibadilisha freti na lini, na muuzaji akijibu bila kigugumizi mlipe vizuri kwa jibu hilo. Ukiuza, piga picha kabla na baada ya kila kazi, na andika kila kilichoguswa. Ile pikapu iliyokufa, kitufe kilichokwaruza na freti zilizong'olewa vitie kwenye mfuko, mfuko uuweke ndani ya kasha uende na besi yake. Fundi akikuomba akutengenezee bila kuandika risiti ili mnunuzi asijue, tafuta fundi mwingine.