MKONO NA MGUU VISIKATWE PASIPO LAZIMA

Katika mwalo wa Kibirizi mtu huishi kwa viungo vyake. Kuvuta nyavu za dagaa usiku kucha, kusukuma mitumbwi majini na kupakia mashua ziendazo Mwamgongo na Kagunga si kazi za mtu mwenye mguu mmoja. Ndiyo maana mvuvi aotaye uvimbe pajani huuficha hata ukawa mkubwa kama nazi. Huuogopa msumeno kuliko anavyoogopa kifo.

Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani saratani ya misuli na nyama nyingine laini za mwili ilitibiwa kwa kukata kiungo kizima. Lakini kati ya mwaka 1975 na 1981 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliwagawa wagonjwa 43 kwa kura: 16 wakakatwa kiungo, 27 wakaondolewa uvimbe na kupigwa mionzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Uvimbe ulirudi mahali pake kwa wanne kati ya wale 27, lakini katika idadi ya waliobaki hai hapakuwa na tofauti ya maana. Tangu hapo kukata kumekuwa njia ya mwisho, pale saratani inapokuwa imekwisha kuzingira mishipa mikuu au kuoza.

Nayo saratani ya Kaposi, yenye mabaka na vinundu vyeusi miguuni, ijulikanayo tangu zamani katika nchi za Maziwa Makuu, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa, na mwenye virusi vya UKIMWI hupewa pia dawa za kuvifubaza.

Tungependa wananchi wafahamu jambo moja: uvimbe usiouma si salama kwa kuwa hauumi. Uvimbe unaokua, au uliozidi sentimita tano, usichanjwe wala kutumbuliwa, iwe kwa mganga wa jadi au katika zahanati. Kwanza kichukuliwe kinyama kwa sindano na kupimwa. Kisu cha haraka hutawanya ugonjwa, na mara nyingi ndicho kinachoupoteza mguu ambao ungeokolewa.

Lakini hatuwezi kumlaumu mgonjwa peke yake. Mionzi huchukua wiki tano hadi saba, nayo mashine ziko Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mgonjwa wa Pemba huvuka bahari. Wa Kibirizi husafiri zaidi ya kilomita 1,200 za reli akitaka kufika Dar es Salaam. Nauli huenda akachangiwa na jamaa. Je, atalala wapi na kula nini kwa wiki saba? Wengi hurudi nyumbani kabla ya kumaliza dozi, na hilo si tiba.

Tunawaomba wakuu wa mkoa na halmashauri watenge fungu la nauli na malazi kwa wagonjwa hawa, na kila mganga mfawidhi wa zahanati za mwambao aagizwe kumpeleka mwenye uvimbe wa namna hii Hospitali ya Maweni bila kumgusa kwa kisu.