Mshindi wa Siku, Bingwa wa Msimu
Mashua za Lamu, ambazo hushindana wakati wa tamasha la utamaduni na kumtuza nahodha ajuaye kubisha, yaani kupindapinda ili kuukata upepo wa mbele, hutoa mshindi wa siku, wala si rahisi baharia wa kijiji cha Mbwajumali huko Lamu kumwita bingwa wa msimu. Ilhali NASCAR, mbio za Marekani za magari yenye umbo la yale ya barabarani, katika mfumo ulioanza 2014 ziliwaachia madereva 4 wagombee taji katika shindano la mwisho, hata Kyle Larson akalitwaa mwaka 2025 bila kuongoza mzunguko hata mmoja siku hiyo. Upepo wa siku moja haumpimi nahodha: alama zisipojumlishwa msimu mzima, taji huwa bahati iliyovishwa kilemba.