Mzee ameondoka, matuta tunamwachia nani?

Ndugu zangu wakulima, leo siandiki habari za mbolea. Tumemzika mzee mmoja wa huku milimani, Uluguru. Mchana alikuwa fundi wa matengenezo shuleni: bomba likivuja, bawaba ikilegea, anaitwa yeye. Jioni yuko shambani kwake, jembe mkononi, anarudishia matuta ya ngazi.

Mimi bwana shamba nilimfuata na makaratasi yangu, nikamwambia apande mabingobingo kwenye kingo. Akacheka: "Kijana, kupanda ni siku moja. Mwakani nani atayakata?"

Sikuwa na jibu.

Mwaka 1955 watu wa Matombo waliyakataa matuta ya mkoloni. Kazi ilikuwa ya amri, na mengi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Lakini kule Mgeta matuta ya ngazi yapo mpaka leo, maana wenyewe wanayarudia msimu hadi msimu.

Maoni yangu ni haya: kuzindua mradi tunapenda, kuukarabati hatutaki. Tuta likibomoka kidogo tu, masika inalimaliza. Udongo wetu huo unaingia mto Ruvu, kwenye maji wanayotegemea watu wa Dar es Salaam.

Basi kabla ya masika chukua jembe, zunguka shamba lako, na kijana wako umchukue aone. Penye ufa, zibeni. Tukimuenzi hivyo inatosha.

Pumzika kwa amani, mzee wetu.